Maiti Mwenye Kadi Mia Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia leo mimi ni mtu wa watu. Si kwa kuwapenda. Ni kwa sababu ya tangazo lililobandikwa mlangoni pa ofisi ya mafunzo: kila mwanafunzi wa mwaka wa pili alete barua ya mahali atakapofanyia mafunzo kazini, wiki nane, kabla ya saa sita mchana Jumatatu tarehe 17. Asiye na barua atarudia muhula.

Nimeshaandika maombi kumi na tisa. Nimejibiwa mawili. La kwanza linasema nafasi zimejaa. La pili linataka kujua nilipata wapi anwani yao.

Mhadhiri wa mawasiliano ametuambia kazi siku hizi ni kujuana, na kujuana kunaanzia kwenye klabu za wanafunzi. Akaendelea kusema tujifunze kufanya kazi na wenzetu, tushike ujuzi fulani, mengine yatakuja yenyewe. Nimeandika "kujuana" na kulipigia mstari. Hayo mengine niliona anajazia kipindi.

Mama kapiga simu. Ameshawaambia majirani kwamba nitafanya kazi kwenye jengo lenye lifti. Nikamuuliza kaambiwa na nani. Akasema hakuambiwa na mtu, lakini mtoto aliyesomeshwa miaka yote hii hawezi kuishia kupanda ngazi. Akamalizia kwamba nikikwama, Mjomba yupo. Mjomba ni kaka yake, fundi bomba. Ameshanitafutia buti.

Sina ugomvi na Mjomba. Nina ugomvi na vyoo vya watu. Nikifikiria darasa zima linanikuta njiani nimebeba mpira wa kuzibulia, naanza kupanga njia za uchochoroni. Naogopa, ndiyo. Shajara hii haisomwi na mtu.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya klabu. Meza zimepangwa uwanjani, kila meza na kitambaa chake. Foleni ndefu kuliko zote ni ya Klabu ya Viongozi Chipukizi, na mwanzo wa foleni amesimama Mheshimiwa. Huyu nasoma naye. Jina hilo alijipa mwenyewe, nasi tukalikubali ili anyamaze. Akikusalimu anakushika kwa mikono miwili huku anaangalia nyuma ya bega lako kama kuna mtu wa maana zaidi. Akaniambia kwa huruma kwamba klabuni kwao imebaki nafasi moja, ya mpanga viti. Nikamwambia nitafikiria. Nikaondoka na hasira zangu.

Mwisho kabisa wa uwanja, meza haina foleni. Klabu ya Huduma ya Kwanza. Nyuma yake kakaa msichana wa uuguzi, mwaka wa tatu, mfupi, mtulivu, anakunja bandeji. Wote wanamwita Kamanda. Nikamuuliza mwanachama anafaidika nini. Akasema anajifunza kuzuia damu. Nikamuuliza na nini kingine. Akasema wakati mwingine damu haizuiliki.

Nilikuwa nageuka niende zangu. Ndipo nikaona ubao wao wa picha. Mahafali, mashindano, ufunguzi wa maktaba. Kila picha ina meza kuu. Na kila penye meza kuu, hatua tatu pembeni, wapo watu wa huduma ya kwanza na fulana zao za njano. Karibu kuliko naibu mkuu wa chuo! Mheshimiwa ana miaka miwili anahangaikia kiti cha safu ya tatu, na hawa wamewekwa mbele bure, kwa sababu wakubwa nao huzimia.

Nimejiandikisha papo hapo. Siku ya Ajira ni Ijumaa ya tarehe 14. Mgeni rasmi ni Mkurugenzi wa ile kampuni ya bima, mama mmoja ambaye wanasema akikunyooshea kidole tu umepata nafasi. Jengo lao lina ghorofa saba na lifti mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Nilitegemea fulana ya njano. Nimepewa sakafu.

Kamanda anasema kila mgeni anaanza kama majeruhi, maana huwezi kumbeba mtu vizuri kabla hujabebwa. Nimelala chini saa mbili nzima. Nimevunjika mguu, nimeungua mgongo, nimemeza kitufe. Kwenye machela nimeangushwa mara moja, na walioniangusha wakaombana radhi wao kwa wao.

Tumefundishwa kulalamika kwa ngazi tatu. Ya kwanza kwa mchubuko, ya pili kwa mfupa, ya tatu kwa mtu anayekaribia kuzimia. Kamanda kasema ya kwangu ni ya nne, na haimo kitabuni.

Halafu akatupa kanuni yake kuu: usibishane na lebo. Ajali ikiwa kubwa, kila majeruhi anavalishwa shingoni lebo ya rangi, na wabebaji hawaulizi wala hawafikirii, wanafuata rangi. Kufikiria ni kazi ya aliyeivalisha. Jumamosi tutafundishwa maana ya kila rangi.

Jumamosi, 8 Machi

Sikwenda. Rangi nazijua tangu chekechea.

Badala yake nilikwenda kwa mpiga chapa kuchukua kadi zangu. Mia mbili, karatasi ngumu, maandishi yamenyanyuka kidogo ukipapasa. Chini ya jina na simu yangu imeandikwa: Mshauri wa Mikakati na Mahusiano. Mpiga chapa akauliza mshauri wa kampuni gani. Nikasema iko njiani. Akasema Mungu ailete salama. Watu wa mashine wana mdomo.

Kadi ya kwanza nimempa Mheshimiwa, aumie. Akaisoma mbele, akaisoma nyuma ambako hakuna kitu, akanirudishia, akasema nimtunzie. Kisha akadondosha habari yake kana kwamba imemponyoka: yeye ndiye mshereheshaji wa Siku ya Ajira. Atakaa mkono wa kulia wa Mkurugenzi. Hotuba yake ya kumkaribisha ina kurasa kumi na moja.

Mchana wote nimeshindwa kula.

Jumatano, 12 Machi

Siku ya Ajira klabu yetu itafanya zoezi mbele ya mgeni rasmi. Tunajifanya jukwaa limeporomoka, watu ishirini na watano wameumia. Kamanda amegawa karatasi, kila mtu na jeraha lake. Wengine wamepewa mapaja yaliyovunjika. Mmoja kapewa nondo tumboni. Mimi: kifundo cha mkono kimeteguka, lebo ya kijani. Karatasi ilikuwa na maelezo zaidi lakini sikuyasoma. Kuteguka! Hilo si jeraha, hilo ni tusi.

Nikapekua sanduku la lebo. Kijani ziko kumi na nne. Njano sita. Nyekundu nne. Nyeusi moja.

Moja tu! Mtu mwenye akili ya biashara haambiwi mara mbili. Kitu cha kila mtu hakina thamani, na kitu cha mmoja ndicho cha mkubwa. Gari la Mkurugenzi ni jeusi. Joho la mkuu wa chuo ni jeusi. Na hiyo lebo nyeusi wamempangia nani? Wamempangia Babu. Babu ni sanamu la mpira tunalofanyia mazoezi ya kusukuma kifua. Hana miguu kuanzia magotini. Hana hata wasifu.

Mama kapiga, anauliza kama barua tayari. Nikamwambia imebaki sahihi. Akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamwambia mimi sijainama tu, wiki ya pili hii nimelala kabisa.

Ijumaa, 14 Machi

Naandika nikiwa nimekaa juu ya kitanda na kiatu kimoja. Nianze mwanzo.

Saa tatu asubuhi nilibadilisha lebo. Nyeusi nikavaa mimi, kijani nikamvalisha Babu. Kadi mia moja na tisini na tisa mfukoni. Moja iliyobaki nikaificha kiganjani, tayari. Nikalala chini ya mbao zangu, nikasubiri kutukuzwa.

Filimbi ikalia. Kamanda akatangaza kwa kipaza sauti kwamba wenye lebo za kijani wanaoweza kutembea wasogee wenyewe kwenye benchi lililo pembeni ya meza kuu. Nikashtuka. Benchi hilo lilikuwa hatua tatu kutoka kwa Mkurugenzi. Watu kumi na watatu wakainuka wakaenda kukaa. Babu hakuinuka. Wabebaji wawili wa mwaka wa kwanza wakamfuata, wakasoma lebo, wakamwambia kwa upole asiogope, wakamnyanyua, wakamkalisha benchini, mwanzo kabisa, karibu na mgeni rasmi.

Mimi wakanijia wengine wawili. Walisoma lebo yangu na hawakusema neno. Mmoja akanifumba macho kwa vidole. Nikamuuliza inakuwaje. Akaninong'oneza kwamba maiti hawaongei.

Maiti. Kumbe ndiyo maana yake. Nikasema kuna makosa, mimi ni wa kijani, nimeteguka tu. Wakatazamana, na nikaona kanuni ya Kamanda inawapita usoni. Hawakubishana na lebo. Wakanifunika shuka, wakanipeleka nyuma ya hema, wakaniweka kando ya ndoo ya maji na kreti za soda, wakaenda kuwahudumia walio hai.

Nililala pale najilaumu kidogo. Zaidi nilimlaumu Kamanda, ambaye angeweza kuandika maana kwenye lebo yenyewe. Kutoka upande wa pili wa hema nikasikia makofi. Mkurugenzi alikuwa anapita kwenye benchi kuwapa pole majeruhi. Nasikia Babu alipewa mkono, akaulizwa anasoma nini.

Halafu ikaanza hotuba ya Mheshimiwa. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa nne, nikasikia mtu anakuja nyuma ya hema. Hatua za mtu mzito aliyechoka. Akaketi kwenye kreti, akavua viatu, akapiga simu. Akamwambia mtu wa upande wa pili kwamba amejificha, kuna kijana anasoma kitabu kizima. Akasema tangu asubuhi ameshapewa makaratasi hadi mkoba haufungi, na yeye alichokuwa anatafuta ni kijana mmoja tu anayejua kufanya kitu kimoja kwa mikono yake akakimaliza.

Alikuwa Mkurugenzi. Peke yake. Mheshimiwa ana meza kuu, mimi nina Mkurugenzi. Moyo ulinienda mbio hadi shuka likawa linatikisika.

Nikainuka na shuka langu. Nikanyoosha mkono wenye kadi. Nikasema, kwa heshima zote, shikamoo Mkurugenzi.

Sikulifikiria hilo jambo kwa upande wake.

Hakupiga kelele. Aliruka. Sikujua mtu mzima wa cheo kile anaweza kuruka akiwa amekaa. Mguu mmoja ukaingia kwenye ndoo, ndoo ikateleza, kifundo kikaenda upande wake na yeye upande wake. Hilo ndilo lililokuwa teguko la kweli, na lilikuwa kubwa.

Hapa ndipo ningeweza kung'ara. Mwanachama wa Huduma ya Kwanza, majeruhi wa kweli, hakuna shahidi. Nikatafuta kichwani nilichofundishwa kwa wiki mbili. Nikakipata kimoja tu. Nikajilaza chini kando yake, nikaanza kulalamika ngazi ya tatu.

Kamanda akaja mbio. Akatukuta wawili. Akasoma lebo yangu, akanivuka. Alipiga magoti kwa Mkurugenzi, akamshika mguu kama anashika yai, akamuuliza mambo matatu, akafunga bandeji bila kukosea hata mzunguko mmoja. Hakutafuta sifa na hakuongea sana. Mkurugenzi alimtazama muda wote. Bandeji ilipoisha, Kamanda alihitaji kipande cha karatasi aandike saa aliyofunga, ili daktari ajue. Akachukua kilichokuwa karibu. Kadi yangu! Akaandika nyuma yake, akaichomeka ndani ya bandeji.

Mkurugenzi akiwa kwenye machela alimuuliza Kamanda kama ana mahali pa kufanyia mafunzo. Kamanda akasema bado, hajapata muda wa kutafuta, ana klabu. Akaambiwa Jumatatu aripoti kitengo cha usalama wa wafanyakazi.

Mimi nikaulizwa kitu kimoja: kama naweza kumwondokea mbele ya macho. Niliondoka haraka, kiatu kikabaki.

Lakini tuseme ukweli. Kadi yangu imefika.

Jumamosi, 15 Machi

Mheshimiwa amesimulia chuo kizima. Anaigiza na shuka. Alifikia ukurasa wa saba ndipo akagundua kiti cha mgeni rasmi ni kitupu, lakini hilo halisimulii. Yeye hana shida, barua yake imetoka ofisini kwa baba yake tangu Januari. Miaka miwili ya kushika watu mikono miwili ilikuwa mazoezi tu.

Kamanda kaniletea kiatu. Nilitegemea kufukuzwa. Akasema somo la rangi litarudiwa Jumamosi ijayo, saa nne, kama nataka. Hakunicheka. Bora angecheka. Nilimuuliza tu kama Mkurugenzi ameisoma ile kadi upande wa mbele. Akaweka kiatu chini, akaenda.

Jumatatu, 17 Machi

Saa tano na nusu asubuhi nilimpigia Mjomba. Hakuuliza swali. Saa sita kasoro dakika kumi alikuwa mlangoni pa ofisi ya mafunzo na buti mkononi na barua, ameiandika mwenyewe kwa herufi kubwa, pembeni ina doa la grisi. Mkuu wa ofisi akasoma, akasema biashara ndogo nayo ni biashara, akagonga muhuri.

Mjomba alifurahi hadi nikaona haya. Akaniambia amefanya kazi peke yake miaka kumi na miwili, na mara nyingi alikuwa anatamani mtu wa kumshikia tochi.

Mama nimemwambia ni kampuni ya miundombinu ya maji. Akauliza kama Mjomba ameniletea buti zinazonitosha.

Jumatano, 26 Machi

Siku ya tatu kazini. Sikutegemea kuandika haya.

Simu ya Mjomba imelia saa mbili asubuhi. Sinki linavuja kwenye kampuni ya bima, ghorofa ya sita. Aliyempendekeza ni Kamanda. Tumepanda kwa lifti! Mimi, Mjomba, spana na mpira wa kuzibulia, pamoja na waheshimiwa wawili wenye suti waliobana pua kwa adabu. Nikampigia Mama humo humo ndani asikie mlango unavyofunguka.

Kamanda katupokea na beji yake kifuani. Kamwamkia Mjomba, akamweleza mambo yalivyo. Bomba la chini ya sinki hilo limeshatengenezwa na mafundi wanne, wote wamelipua kazi. Na chini ya sinki, ghorofa ya tano, ni ofisi ya Mkurugenzi. Meza yake iko hapo hapo. Likikaa kavu hadi mwisho wa mwezi, mabomba ya jengo zima anapewa Mjomba. Mjomba akakohoa, akajifanya anatafuta kitu kwenye begi. Nilimwona anafuta macho.

Amefanya kazi kwa saa mbili bila kuinua kichwa. Sijawahi kumwona mtu anapenda nati namna ile. Akanifundisha: kaza hadi ikatae, ongeza nusu mzunguko, futa, tandika karatasi kavu chini ya kiungio, ngoja dakika kumi. Karatasi ikibaki kavu, ondoka na heshima yako. Kisha akanishika bega, akasema nati ya mwisho nikaze mimi, ili siku moja niseme jengo hili nilianza nalo. Akatangulia chini na begi la vifaa.

Nikabaki peke yangu chini ya sinki. Ukweli nimeguswa. Nikakumbuka na maneno ya Mkurugenzi kuhusu kijana mwenye kufanya kitu kimoja kwa mikono yake akakimaliza. Mara moja nikaona kosa lililomo. Kazi ukiimaliza, nani atakuita tena?

Nikakaza hadi ikakataa. Ile nusu ya mzunguko nikaiacha. Si uharibifu, ni mkakati. Nimekadiria tone moja kila dakika. Kufikia kesho asubuhi litakuwa limepata njia darini, litatua mezani kwa Mkurugenzi, ataulizia fundi, na fundi atakuwa mimi, nimesimama mbele yake kwa miguu yangu miwili bila shuka wala lebo. Safari hii kila kitu nimekifikiria.

Karatasi kavu ya kutandika chini ya kiungio sikuwa nayo. Nimetandika kadi yangu, uso juu, jina na simu vinasomeka vizuri, ili wakija kutafuta chanzo cha maji wasihangaike kuuliza ni nani.